Namna ya kusoma kesi ya Shylock bila kulewa maneno matamu

Nina kibanda cha steshenari jirani na mahakama ya mwanzo, kazi yangu kuchapa na kutoa kopi, barua za kazi, viapo, hati za kuuziana viwanja, na siku hizi zaidi ni mikataba ya mikopo ile watu wanaiita kausha damu. Nimechapa mingi mpaka vidole vinaenda vyenyewe, "mkopaji akishindwa kurejesha kwa wakati mkopeshaji atakuwa na haki ya kuchukua dhamana iliyotajwa hapo juu bila usumbufu wowote". Sasa kuna mama mmoja alikuja na kopi yake kaifunga kwenye pindo la kanga, akaniambia mwanangu hebu nisomee hapa, wamekuja kubeba friji na mimi niliandikisha televisheni. Nikasoma. Kweli, televisheni. Ila pembeni kabisa ya karatasi, kwa peni, mwandiko mwingine, mtu kaongeza "na vyombo vingine vya ndani". Sahihi ya mama iko palepale chini, kwa hiyo ukitazama juujuu unaona kasaini vyote.

Usiku ule nikaitafuta Mabepari wa Venisi. Ndo ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka mwaka 1969, na shuleni tulivyoisoma ilikuwa hadithi ya Shylock, Myahudi mkopeshaji mwenye roho mbaya, akashindwa kesi na Portia, mwanamke mwenye akili nyingi, basi, andika jibu, pata maksi. Nimeirudia mara kadhaa tangu hapo na ninachokiona ni kwamba uzuri wa maneno ulituziba macho. Ile hotuba ya Portia kuhusu huruma ni tamu kiasi kwamba ukishaimaliza husikii vizuri kinachofanyika baada yake. Kwa hiyo naeleza hapa ninavyoisoma mimi siku hizi, kama faili la kesi, na anayetaka ajaribu hivyohivyo.

Utahitaji kitabu, peni mbili za rangi tofauti na karatasi moja ya pembeni. Maandishi ya Kiingereza yapo bure kwenye intaneti kila mahali, ya Mwalimu jaribu maktaba za shule za zamani au wauza vitabu vya mtumba. Maneno ya wahusika nitakayoyaweka humu ni Kiswahili changu mwenyewe, sijanakili ya Mwalimu, usije ukanishika shati. Na kabla hujafungua angalia kwanza hilo jina la jalada. Shakespeare aliandika mfanyabiashara mmoja, Mwalimu kaweka mabepari, wengi. Bepari asili yake ni neno la Kihindi la mfanyabiashara na zamani kwetu lilitumika hivyohivyo, lakini 1969 ni miaka miwili tu tangu Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, hakuna msomaji aliyelisikia neno lile akawaza muuza duka. Mimi naona jina hilo linakwambia usimtafute mkosaji mmoja humu ndani.

Sasa, kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu analifanya ni kuanzia mahakamani. Mahakama ipo tendo la nne onyesho la kwanza, ni refu, lina kisu na mizani, mtu anarukia huko. Usifanye hivyo. Kesi yoyote inaanza kwenye mkataba, na mkataba upo tendo la kwanza onyesho la tatu. Kaa hapo kwanza.

Kwenye karatasi yako andika nani kamkopa nani. Bassanio anataka hela akamchumbie Portia, binti tajiri wa Belmont. Hana kitu. Rafiki yake Antonio anazo meli baharini lakini mkononi hana taslimu, kwa hiyo Antonio anakwenda kukopa kwa Shylock dukati 3,000, yaani sarafu za dhahabu, kwa miezi mitatu, anasaini yeye, hela anakula Bassanio. Zungushia jina la Bassanio kwa peni nyekundu maana tutamhitaji mbele, yeye ndo mnufaika na mahakamani atakaa kama rafiki tu wa mdaiwa.

Alafu soma masharti taratibu. Shylock kwa kawaida anatoza riba, na Antonio anamchukia kwa hilo kwa sababu Antonio anakopesha bure na kuwaharibia wengine bei ya riba mjini. Msomaji wa pwani aliyekulia kwenye mafundisho ya riba atashtuka hapa, kwa sababu mkopo huu mbaya kuliko yote hauna riba hata senti. Shylock anasema sitaki faida, twende kwa mthibitishaji wa hati, tuandike kwa utani tu kwamba usiponilipa siku ile mahali pale nakata ratili moja ya nyama yako. Ratili ni gramu mia nne hamsini na kitu, kibonge cha nyama ya mchuzi wa familia ndogo. Kata wapi? Anasema "sehemu yoyote ya mwili wako nitakayoipenda mimi". Pigia mstari hayo maneno, mstari mzito.

Nenda sasa moja kwa moja mahakamani kwa dakika moja tu, alafu urudi. Portia, ambaye huko yuko kama wakili, nitaeleza mbele, anausoma mkataba mbele ya watu, na kilichosomwa ni ratili ya nyama ikatwe "karibu kabisa na moyo wa mfanyabiashara". Shylock anaitikia, ndio, kifuani, ndivyo mkataba unavyosema, ndo maneno yenyewe. Umeona? Kilichosemwa mdomoni siku ya kukopa na kilichosomwa siku ya kesi havifanani. Labda walikubaliana vile kwa mthibitishaji, hatukuwepo, jukwaa halituonyeshi ile sahihi ikiwekwa. Lakini kati ya watu wote mle ndani, Mtawala wa Venice, wakili, marafiki, Antonio mwenyewe ambaye kifua ni chake, hakuna hata mmoja anayeuliza kipengele hiki kiliingia lini. Mimi nilikuwa nimeisoma tamthilia mara tatu sijakiona, nimekiona baada ya yule mama na friji lake.

Haya rudi nyuma. Safu ya pili ya karatasi yako ni ya visa, vya pande zote mbili. Antonio amemtemea Shylock mate kwenye ndevu na kwenye joho, amemwita mbwa, na anapokuja kukopa, akiwa mwenye shida, anaambiwa hayo na anajibu kwamba uwezekano ni mkubwa atamwita hivyo tena na kumtemea tena. Yaani mtu anakuja kukopa na anatukana hapohapo mlangoni, sijawahi kuona. Katikati ya mkopo na kesi, binti wa Shylock, Jessica, anatoroka na Lorenzo ambaye ni kijana wa kundi lilelile la Bassanio, na anatoroka na hela na vito vya babake. Baadaye Tubal, Myahudi mwenzake, anamletea Shylock habari kwamba pete moja Jessica kaitoa ili apate tumbili. Shylock anasema ile nilipewa na Leah kabla sijaoa, nisingeitoa hata kwa msitu mzima wa tumbili. Iandike hiyo pete. Usiulize kwa nini, iandike tu.

Kwenye onyesho hilohilo, tendo la tatu onyesho la kwanza, kuna yale maneno maarufu ya Shylock, Myahudi hana macho? hana mikono? mkituchoma hatutoki damu? Watu wanayanukuu kama hotuba ya utu na kweli ni ya utu, ila isome mpaka mwisho maana inaishia kwenye kisasi: mkitukosea hatutalipiza? Mimi nakuomba pigia mstari neno damu kwa peni ya pili. Shylock ndo mtu wa kwanza kuileta damu kwenye kesi hii, anaileta kama ushahidi kwamba yeye ni binadamu, na ndiyo itakayommaliza.

Bado kuna kituo kimoja kabla ya mahakama, kifupi, wengi wanakiruka, tendo la tatu onyesho la tatu. Habari zimekuja kwamba meli zimepotea, siku ya kulipa imepita, Antonio ameshakamatwa, rafiki anamfariji kwamba Mtawala hatakubali mkataba wa namna hii. Antonio anasema hapana, Mtawala hawezi kuzuia sheria isifuate njia yake, kwa sababu wageni wana haki zao za biashara hapa Venice na zikinyimwa mji utatiliwa shaka, na faida ya mji huu inatoka kwa mataifa yote. Mtu wa bandari ataelewa haraka kuliko msomi. Mji unaoishi kwa meli za wageni lazima mgeni aamini kwamba karatasi yake itaheshimiwa, la sivyo kesho anashusha mzigo kwingine. Kwa hiyo sheria ya Venice inashikwa kwa nguvu kwa sababu ya hesabu za forodha. Ukiwa na hilo kichwani mahakama itakusomeka tofauti kabisa, utaona jinsi wanavyohangaika kumwokoa Antonio bila kuonekana wameivunja karatasi.

Sasa ingia mahakamani. Usisome maneno bado, angalia kwanza viti. Mtawala ndo hakimu, na kabla Shylock hajaitwa ndani ameshamwambia Antonio pole, adui yako ana moyo wa jiwe, si mtu huyo. Hakimu ametoa hukumu ya tabia kabla mdai hajafungua mdomo! Wakili mgeni anaitwa Balthasar, kijana msomi kutoka Roma, kaletwa kwa barua ya Bellario, mwanasheria mkubwa wa Padua. Balthasar ni Portia kavaa nguo za kiume. Bellario ni binamu yake. Na Portia ameshaolewa na Bassanio, yule tuliyemzungushia nyekundu, ambaye dukati 3,000 alizila yeye. Yaani anayeamua kesi ni mke wa mnufaika wa mkopo, kajivisha uwakili asio nao, na wenye kesi hawajui. Hapa kwetu hata mzee wa baraza akigundulika ni shemeji wa mdaiwa watu wanapiga kelele mpaka nje kwenye mwembe.

(Na usisahau kwamba enzi zile za Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa jukwaani Uingereza, kwa hiyo watazamaji walikuwa wanaona mvulana anayeigiza mwanamke anayejifanya mwanamume. Nguo zinadanganya mara mbili, pole kwa anayetafuta ukweli hapo.)

Kabla Portia hajaingia kuna hoja moja ya Shylock ambayo napenda kuisoma kwa sauti kwa wenzangu na kuwaacha wanyamaze. Mtawala anamuuliza utategemeaje huruma wewe usiye na huruma. Anajibu: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda wenu na mbwa wenu, kwa sababu mmewanunua. Nikiwaambia waachieni huru, waozeni watoto wenu, vitanda vyao viwe laini kama vyenu, mtasema watumwa ni wetu. Na mimi nawajibu hivyohivyo, hii ratili nimeinunua ghali, ni yangu, nitaichukua. Angalia vizuri, Shylock hawatetei watumwa, hana habari nao, anawatumia kama kielelezo. Lakini kielelezo kimepiga mfupa. Na Mtawala anajibu nini? Hajibu. Anasema nina mamlaka ya kuahirisha shauri hili, isipokuwa Bellario atakapofika leo. Andika kwenye karatasi, hoja haijajibiwa. Ukiwa mtu wa Unguja ambako soko la watumwa lilifungwa 1873, mambo ya mababu zetu wakubwa tu, hiyo sehemu huisomi ukiwa umejiegemeza.

Ndipo anaingia Portia. Anauliza nani hapa mfanyabiashara na nani Myahudi, alafu baada ya kuthibitisha mkataba anasema basi Myahudi lazima awe na huruma. Shylock anauliza swali ambalo kwa mwanasheria ni zuri sana, kwa lazima gani? niambie. Na hotuba ya huruma ndo jibu lake: huruma hailazimishwi, inadondoka kama mvua ya taratibu kutoka mbinguni juu ya ardhi, inambariki anayetoa na anayepewa, inampendeza mfalme kuliko taji lake. Isome kwa sauti, ni nzuri, usijizuie, mimi mwenyewe kila nikifika hapo nywele zinasimama. Ila ukimaliza chukua kila sentensi uigeuze kuwa kigezo. Hailazimishwi, sawa. Inabariki wote wawili, sawa. Inamstahili mwenye nguvu zaidi, sawa. Weka pembeni, tutarudi na hesabu.

Bassanio hapo anamuomba wakili kitu cha wazi kabisa: ipinde sheria mara moja kwa mamlaka yako, fanya kosa dogo upate haki kubwa. Portia anakataa, anasema haiwezekani, hakuna nguvu Venice inayoweza kubadilisha amri iliyowekwa, itaandikwa kama mfano na makosa mengi yataingia kwa mlango huohuo. Shylock kafurahi mpaka anamwita Danieli amekuja kuhukumu. Hapa ndo utamu na hapa ndo ujanja, maana anayekataa kuipinda sheria kidogo kwa ajili ya huruma ataikunja mara tatu dakika tano baadaye, ila yeye hataiita kuipinda, ataiita kuisoma.

Fuatilia milango, mmoja mmoja. Portia anamwambia Shylock umepewa mara tatu ya hela yako, chukua niichane karatasi. Anakataa, ameapa. Portia anauliza mizani ipo? Ipo, kaja nayo. Lete basi tabibu kwa gharama yako azibe vidonda asife. Shylock: je, imeandikwa kwenye mkataba? siioni, haipo. Simama hapo. Huyu mtu amejifungia mwenyewe. Ameshasema kisichoandikwa hakipo, basi subiri.

"Ngoja kidogo, kuna kitu kingine," anasema Portia. Mkataba huu haukupi hata tone la damu, maneno ni ratili ya nyama. Kata, lakini ukimwaga tone la damu ya Mkristo mali yako yote inakwenda serikalini. Na ukikata pungufu au zidi, mizani ikiegemea hata kwa unywele, unakufa.

Hapa wasomaji wanapiga makofi. Mimi nakwambia weka peni chini ufikirie kama mtu anayechapa mikataba. Ukinipa ruhusa kwa maandishi nikaangue nazi kumi kwenye mnazi wako, umeniruhusu kuupanda mnazi, huwezi kuja baadaye ukasema karatasi inataja nazi tu haijataja shina. Haki ya kitu inabeba haki ya kile ambacho bila hicho haifanyiki. Mwanasheria wa Kijerumani Rudolf von Jhering mwaka 1872 aliisema hoja ya namna hii kwa ukali, kwamba Shylock alishindwa kwa hila ya maneno ambayo hakuna hakimu mwaminifu angeikubali, na kuna mwenzake Josef Kohler akamjibu miaka kadhaa baadaye akimtetea Portia, wakabishana huko. Mimi niko karibu na Jhering kuliko Kohler lakini sio kwamba nyama ingekatwa. Kulikuwa na njia iliyonyooka: kusema mkataba wa kumkata mtu kifua ni batili tangu siku ya kwanza. Hata sheria yetu ya mikataba hapa Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 23, inakataa makubaliano ambayo lengo lake linapingana na maslahi ya umma. Kwa njia hiyo Antonio anapona, Shylock anapewa 3,000 zake anaenda nyumbani na hasira yake. Lakini Portia alishatamka kwamba mkataba ni halali kisheria. Aliuhalalisha ili apate kuutumia.

Wapo wanaomtetea na sitaki kuwaonea. Wanasema kila mlango aliomfungulia Shylock, hela mara tatu, huruma, tabibu, ulikuwa nafasi ya kujiokoa, na yeye ndo alikataa huku ananoa kisu kwenye soli ya kiatu. Ni kweli. Kisu alikinoa kweli na hakuna anayemsingizia. Ila tazama milango inavyojifunga. Shylock anasema basi nipeni mara tatu ya deni. Bassanio anasema hela hizi hapa. Portia anamzuia mume wake, hapana, atapata adhabu yake tu. Anasema basi nipeni hata mtaji wangu. Hapana, ulikataa mbele ya mahakama. Anasema basi nakwenda zangu. Ngoja Myahudi, sheria bado imekushika. Na hapo ndo inatolewa sheria ya tatu, kwamba mgeni asiye raia akithibitika kutafuta uhai wa raia kwa njia ya wazi au ya kificho, nusu ya mali ni ya aliyelengwa, nusu ya serikali, na uhai wake uko mikononi mwa Mtawala peke yake. Jiulize, sheria hiyo ilikuwepo asubuhi? Ilikuwepo. Ingetajwa asubuhi kesi ingekwisha kabla ya chai. Na angalia maneno yake, mgeni asiye raia. Ile karatasi iliyosemwa lazima iheshimiwe kwa ajili ya wageni, imegongana na sheria inayomhesabu mtu kuwa mgeni hata kama amezeeka mjini. Wayahudi wa Venice halisi tangu 1516 walitengewa mtaa wao wa kuishi, unafungwa usiku, na Uingereza ya Shakespeare ilishawafukuza tangu 1290, kwa hiyo wengi wa watazamaji wake walicheka mtu ambaye hawajawahi kukaa naye. Vicheko hivyo vilikuja kutumiwa vibaya zaidi, 1943 pale Vienna chini ya Wanazi tamthilia hii iliigizwa kwa makusudi ya kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi. Msomaji akiwa hajui hili anaweza kudhani tunatafuta dosari bure.

Sasa hesabu ya huruma, chukua vile vigezo. Mtawala anamsamehe uhai kabla hajaombwa, hapo nampa alama, na anasema ile nusu ya serikali inaweza kupunguzwa ikawa faini. Shylock anajibu chukueni na uhai wangu pia, mnachukua nyumba mkichukua nguzo inayoishikilia. Portia anamgeukia Antonio, wewe una huruma gani ya kumpa? Antonio anaomba serikali imsamehe faini ya nusu moja, nusu nyingine aishike yeye Antonio kwa ajili ya Lorenzo, yule aliyemtorosha binti, na kuna masharti mawili: Shylock awe Mkristo sasa hivi, na aandike hapahapa mahakamani kwamba akifa kila alichonacho ni cha Lorenzo na Jessica. Mtawala anaongeza, asipofanya nafuta msamaha. Hailazimishwi, tulisema? Inadondoka kama mvua? Portia anauliza, umeridhika Myahudi? unasema nini? Anasema, nimeridhika. Alafu anasema naomba mniruhusu niondoke, sijisikii vizuri, nitumieni hati nyumbani nitaisaini.

Hiyo sentensi ya mwisho mimi ndo inaniuma kuliko nyama yote. Mtu aliyeanza kesi akisema sikubali kisichoandikwa anamaliza kwa kukubali kusaini karatasi ambayo bado haijaandikwa.

Usifunge kitabu, tendo la tano lipo na wengi wanaliona ni utani wa mapenzi. Portia alimpa Bassanio pete, kaapa haitatoka kidoleni ila kwa kifo. Baada ya kesi yule wakili Balthasar anaiomba kama malipo na Bassanio, akisukumwa na Antonio, anaitoa. Kiapo kimevunjwa mchana kweupe. Anachukuliwa hatua gani? Anakaripiwa kidogo, wanacheka, Antonio anamdhamini tena, safari hii kwa roho yake, pete inarudi, wanakwenda kulala. Sasa toa ile karatasi yako utafute pete ya Leah. Kuna mtu mmoja tu katika tamthilia nzima aliyesema pete haitoki kwa bei yoyote.

Ukiwa na watu watatu wanne isomeni kwa zamu, ndo njia bora. Sisi tulifanya hapo kibandani siku umeme umekatika, fundi simu wa jirani akasoma Shylock, binti anayeuza vocha akasoma Portia, alivyofika kwenye "ngoja kidogo" akacheka kwa ushindi kabisa, alafu tukawaambia wabadilishane, yeye asome "nimeridhika". Akaisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakusikika.

Yule mama wa friji alikuwepo, kaja kufuata kopi zake za kupeleka kwa msaidizi wa kisheria, nilimwambia adai wamwonyeshe karatasi halisi, sio kopi, maana peni kwenye karatasi halisi inaonekana imepita juu ya wino wa mashine au chini. Alisikiliza mpaka mwisho amekaa kwenye ndoo. Akaniuliza, sasa kaka, huyo mzee ile hati waliyomtumia nyumbani alisaini? Nikafungua nyuma nikamwonyesha, Nerissa, msaidizi wa Portia, anamkabidhi Lorenzo karatasi ya zawadi ya mali yote, na Lorenzo anashukuru kama watu wenye njaa waliodondoshewa mana. Alisaini mama. Ilifika Belmont kabla hakujapambazuka.